Adabu za Kukagua Silaha Iliyotumika Kabla ya Kununua au Kuuza: Mwongozo kwa Wenye Vyeti wa Mombasa

Silaha iliyotumika haikaguliwi barazani, wala kwenye buti ya gari nje ya hoteli, wala sebuleni huku watoto wanapita na sahani za mahamri. Mombasa tumezoea kununua vitu vya mkono wa pili kwa kuvigeuzageuza. Gari tunalifungua boneti bila kuuliza, simu tunaibonyeza kila mahali, kitambaa tunakivuta mbele ya taa. Bastola na bunduki zina utaratibu mwingine, na sehemu kubwa ya utaratibu huo haihitaji ufundi. Anayekagua ni mgeni kwenye mali ya mtu. Kila anachotaka kufanya anakiombea ruhusa kwanza, na jibu atakalopewa, hata likiwa la kukataliwa, ni sehemu ya ukaguzi wenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwenye cheti cha silaha anayenunua kutoka kwa mwenye cheti. Kama huna cheti, hapa hakuna hatua yako hata moja.

Karatasi kabla ya chuma

Silaha ya raia nchini Kenya iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayotoa vyeti. Cheti hakikuruhusu kuwa na silaha yoyote utakayoipenda. Kimeandikwa ni silaha gani, na huhuishwa kila mwaka. Mwenye mali haruhusiwi kumkabidhi mtu asiye na idhini ya kuipokea, awe shemeji yake, awe jirani waliyesoma naye chuo kimoja. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza si ya bei. Ni haya: "Cheti chako kiko hai? Changu hiki hapa."

Usione haya kuomba kuona, na ukiombwa usinune. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wakaguliwe upya, kwa hiyo karatasi iliyokunjwa tangu miaka hiyo, kingo zimeliwa, haimsaidii mtu. Muuzaji akikwambia "ipo nyumbani, nitakuletea", mwambie mtakutana siku ambayo ataileta. Hapo hujamtukana.

Idhini ya Bodi ya kununua na kuhamisha itafutwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Wapo wanaolipa kwanza na kufuatilia baadaye, kisha idhini ikichelewa, urafiki ndio unaovunjika.

Mahali pa kukutana

Pazuri kuliko pote ni dukani kwa muuzaji silaha aliyesajiliwa, hata kama silaha ni ya mtu binafsi na duka linapata ujira kidogo kwa kusimamia. Pale pana kabati la chuma, pana meza yenye kitambaa, na pana mtu wa tatu ambaye hana haraka ya kununua wala ya kuuza. Kiwanja cha shabaha ni cha pili kwa ubora, siku ambayo msimamizi yupo na amejulishwa.

Nyumbani, hata kwa mtu unayemheshimu, jitahidi kukataa kwa lugha laini. "Ami, nakuombea radhi, tuonane dukani, hata mimi nitakuwa na utulivu." Mzee wa Kimombasa ataelewa. Mjane anayeuza silaha ya marehemu ndiye wa kusaidiwa zaidi: silaha ile isikae kabatini kwake ikisubiri wateja, na wanaume wa mtaa wasianze kuingia mmoja mmoja kuitazama. Ipelekwe kituo cha polisi au kwa muuzaji aliyesajiliwa, na wanaotaka kuikagua wafuate huko.

Mezani kusiwe na chai, simu wala risasi hata moja. Risasi zikae chumba kingine, au angalau kwenye sanduku lililofungwa mbali na mikono. Na kabla silaha haijatoka kwenye mkoba wake, kubalianeni mtutu utaelekea wapi. Hilo watu hulipuuza. Sakafu ya saruji hurudisha risasi, na kwenye ghorofa chini yako kuna familia ya mtu. Ndoo kubwa iliyojaa mchanga hadi mdomoni, ikiwekwa pembeni mwa meza, inatatua suala hilo kwa gharama ya kubeba tu. Mtutu unaelekezwa kwenye ndoo, siyo kwa mwenye duka, siyo mlangoni, siyo kwenye paja lako.

Kupokea na kukabidhi

Mwenye silaha ndiye anayeitoa. Wewe usinyooshe mkono kwenye mkoba wa mtu. Ataitoa, atachomoa magazini (kikasha cha risasi), atavuta slaidi (kipande cha juu kinachoteleza) nyuma na kuikaza ikiwa wazi, ataangalia chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi) kwa macho na kwa ncha ya kidole, kisha atakupa ikiwa wazi vilevile. Bunduki ya kukunja, ile inayofunguka kwa bawaba, hutolewa ikiwa imekunjwa. Bastola ya silinda hutolewa silinda ikiwa nje.

Umeona kwa macho yako kuwa ni tupu. Angalia tena. Ukimrudishia, yeye naye ataangalia tena, ingawa haikutoka mbele yake hata sekunde. Kama kuna mtu wa tatu, naye vilevile. Asiyeizoea tabia hii hudhani anashukiwa; aliyeizoea huudhika asipoiona. Muuzaji anayecheka na kusema "ah, hii haina kitu, shika tu" amekupa habari kubwa kuhusu jinsi alivyoishi na silaha hiyo.

Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka ubavuni mwa silaha. Vua pete na saa ya chuma kabla hujaanza, kwani mkwaruzo mmoja kwenye chuma kilichotiwa rangi ya bluu hauondoki na utaletewa bili yake. Futa mikono. Jasho la mchana wa Machi katika mji huu lina chumvi ya kutosha kuacha alama za vidole zitakazokuwa kutu ndani ya siku chache, ndiyo maana mwenye adabu huja na kitambaa chake chenye mafuta kidogo, na akimaliza hufuta kila alipogusa kabla ya kurudisha.

Kama kuna mnunuzi mwingine amesimama karibu, aliyeshika silaha ndiye mwenye zamu. Usimpandie bei begani. Usitoe maoni. Subiri mpaka aiweke chini na aseme neno.

Namba

Jambo la kwanza kukagua ni namba, nalo halichukui dakika mbili. Soma namba ya silaha tarakimu moja baada ya nyingine, mwenzako akifuata kwenye cheti kwa kidole. Kwenye bastola nyingi namba iko kwenye fremu, na mara nyingi kwenye slaidi na mtutu pia. Sehemu zisipolingana, uliza. Huenda mtutu ulibadilishwa kihalali na karatasi ipo. Lakini namba ikiwa imekwaruzwa, imesuguliwa ikawa hafifu, au hailingani na cheti, ukaguzi umekwisha. Weka silaha chini, shukuru, ondoka. Usibishane, usiulize punguzo.

Herufi zilizofifia kingo zake, kana kwamba zimepakwa siagi, huonyesha kuwa chuma kilisuguliwa na kupakwa rangi upya. Hilo si kosa, ila muuzaji alipaswa kulisema kabla hujaliona.

Kutu: hapa chukua muda

Vitabu vingi vya nchi za baridi hukuambia utafute uchakavu wa kupigwa risasi nyingi. Kwetu shida ni nyingine. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na bastola ya kujilinda hukaa kiunoni au kabatini mwaka mzima bila kufyatuliwa. Silaha za Pwani haziishi kwa kupiga. Zinaozea kwenye mapumziko yake, na hewa ya bahari ndiyo inayozila, kusi au kaskazi.

Basi anza na mahali ambapo mwenyewe haoni. Omba ruhusa ya kufungua vipande vya kushikia: "Naomba nifungue ubao huu wa mkono, au wewe unifungulie?" Afadhali afungue mwenyewe, kwa bisibisi yake inayoingia sawasawa kwenye skrubu. Bastola inaweza kung'aa nje kama kioo cha duka la sonara, na chini ya ule ubao ukakuta tabaka la kahawia, limetanda pale jasho la kiganja liliposhuka na kukosa pa kutokea. Likwangue kwa ukucha, si kwa kisu. Vumbi jekundu likitoka na chuma chini yake kikabaki laini, ni kutu ya juujuu, ya kusafishwa na kusahaulika. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, chuma kimeliwa. Vishimo vya chini ya ubao vinapunguza bei. Vishimo kwenye mtutu au kwenye chemba ni mazungumzo tofauti kabisa.

Uliza imehifadhiwa vipi. Mkoba wa ngozi ni mzuri kubebea lakini mbaya kuhifadhia, kwa sababu ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Silaha iliyolala miaka ndani ya ngozi utaiona ina mabaka yenye umbo la mkoba wenyewe. Uliza pia kuhusu kiyoyozi. Mtu anayetoka ofisi yenye baridi kali kule Nyali akaingia kwenye joto la nje mara nne kwa siku, bastola yake hutoka umande kila mara, ndani na nje. Mafuta mazito yaliyopakwa asubuhi ya kuuza yasikutulize. Grisi nyingi huficha kutu na huficha ulegevu pia. Una haki ya kuomba, kwa upole, ifutwe ikauke mbele yako.

Kisha tazama skrubu. Midomo ya skrubu ikiwa imechanika na kutafunwa, kuna mkono wa fundi asiye na zana uliopita humo. Jua kali yetu ina mafundi hodari wa majiko na mageti, lakini mtambo wa triga si kazi yao, na si kazi yao kisheria pia.

Ndani ya mtutu

Hakuna kutazama mtutu kutoka mbele huku silaha imefungwa, hata kwa mzaha, hata baada ya kuhakikishwa mara tatu. Fungua, thibitisha chemba, kisha tazama kutoka nyuma inapowezekana. Bastola nyingi za slaidi hufunguliwa mtutu ukatoka mzima, na kwa hilo omba mwenye mali aifungue yeye. Karatasi nyeupe au kurunzi ndogo upande wa pili inatosha.

Unatafuta michirizi ya ndani iliyo wazi na yenye kingo, inayong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Weusi unaweza kuwa uchafu tu, kwa hiyo omba kitambaa cha kusafishia kipitishwe kabla hujahukumu. Baada ya hapo, madoa yaliyobaki ni chuma. Kivuli cha pete kinachozunguka mtutu mahali pamoja, hasa ikiwa nje pamevimba kidogo ukipapasa, ni dalili ya uvimbe: kuna wakati kitu kilikwama humo na risasi nyingine ikafuata. Mtutu huo haunenewi bei.

Bunduki ya mitutu miwili

Hizi nazipa nafasi yake kwa sababu Mombasa bado ziko, za Kiingereza na Kibelgiji, zilizotoka mkono hadi mkono tangu enzi za mkoloni, na ndizo zinazokaguliwa vibaya kuliko zote. Watu huangalia nakshi na mbao.

Angalia kwanza urefu wa chemba, kwa kawaida umechorwa chini ya mitutu, karibu na alama za nyumba ya majaribio, yaani mahali mitutu ilipopimwa nguvu yake. Bunduki za zamani za Kiingereza nyingi zina chemba ya inchi mbili na nusu, yaani milimita 65. Risasi za marisawa zinazopatikana sana leo ni za milimita 70 na 76. Risasi ndefu inaweza kuingia vizuri na bunduki ikafunga vizuri, kisha msukumo ukapanda kupita kiwango mtutu ulichopimwa. Muuzaji mwaminifu hulisema hili kabla ya kuulizwa.

Sasa omba ruhusa ya kutoa ubao wa mbele, ule wa kushikia chini ya mitutu. Bunduki ikiwa imefungwa bila ubao ule, ishike kitakoni kwa mkono mmoja na kwenye mitutu kwa mwingine, utikise taratibu karibu na sikio. Ikibisha, kok-kok, bawaba imelika. Inyanyue mbele ya dirisha: mwanga ukipenya kati ya nyuma ya mitutu na uso wa mtambo, haifungi sawasawa.

Mwisho, kama mwenyewe ameridhia, mitutu iliyotolewa huning'inizwa kwenye kidole kwa lile jino la chini na kugongwa kwa kifundo cha kidole, kidogo tu. Mitutu mizima hulia, na sauti hubaki hewani kwa muda. Ikitoa mlio mfu, dhu, basi ule ukanda unaoishikanisha mitutu umeachia lehemu yake mahali fulani, na kwa hewa yetu unyevu umeshaingia humo zamani. Kugonga huku kunawatisha wasiokujua, basi eleza kabla hujainua mkono.

Triga na mtambo

Usifyatue silaha tupu bila kuruhusiwa. Hii ndiyo adabu inayovunjwa zaidi, kwa sababu mkono hupenda kujua triga ikoje. Silaha za ukubwa wa .22 nyingi hazitaki kabisa: pini ya kulipulia risasi hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu au kuvunjika. Nyingine hazidhuriki, lakini mali si yako. "Naomba kufyatua mara moja, nina risasi bandia za mazoezi." Ukija na risasi bandia zako, wachache watakukatalia, nazo hukusaidia kuona pia kama magazini inapandisha na kutupa nje ipasavyo.

Slaidi usiiachie ikajipiga kwa kishindo chemba ikiwa tupu; ishindikize kwa mkono. Silinda usiifunge kwa kuirusha kwa kifundo kama wanavyofanya kwenye sinema. Mkono unaoibeba hupinda, na mwenye nayo, akikuona unafanya hivyo, ana haki ya kuichukua na kukuaga.

Kwa bastola ya silinda, ukisharuhusiwa, gusa silinda kidogo kwa kidole ili iburute, kisha vuta nyundo polepole. Silinda inapaswa kukamata mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho au papo hapo inapofika. Nyundo ikifika huku silinda bado haijakamata, tundu na mtutu havikutani vizuri. Rudia kwa kila tundu, kwani moja linaweza kuwa bovu na mengine yakawa mazima. Sefti nayo, ile swichi ya kuzuia silaha isifyatuke: iweke, bonyeza triga, achia, kisha iondoe, nyundo isianguke yenyewe.

Kujaribu kwa risasi halisi ni kiwanjani tu, mwenye silaha yupo, msimamizi amekubali. Hakuna "niazime niende nayo Kilifi wikendi nikaijaribu". Kuazimana silaha kuna kesi ndani yake.

Kusema kasoro na kusema bei

Weka silaha chini kwanza. Bei haijadiliwi na mtu aliyeshika bastola, hata tupu. Maneno hubadilika uzito.

Kasoro itaje kwa jina lake na mahali pake, mara moja, kwa sauti ya kawaida. "Mzee, hapa chini ya ubao pana vishimo, na skrubu hii imeliwa." Usiongeze "mbovu", usimwite mtu wa tatu aje ashuhudie. Bunduki ya baba yake mtu hukaguliwa kwa mdomo mdogo. Na usibuni kasoro ili ushushe bei. Wenye vyeti mji huu ni wachache na wanajuana kwenye viwanja. Ukimfanyia mmoja, wa pili atakuambia ameshauza.

Muuzaji naye ana yake. Aseme kabla ya kuulizwa: imewahi kugoma lini, sehemu gani imebadilishwa, imepakwa rangi upya au la, na takriban imepigwa kiasi gani. Aisafishe, lakini asiipambe. Akatae kumwonyesha mtu aliyekunywa, mwenye hasira, au anayeuliza maswali yasiyohusu silaha, kama vile anaiweka wapi usiku na nani hubaki nyumbani. Hapo kukataa hakuhitaji sababu wala samahani.

Mkiafikiana, arabuni itolewe kwa risiti, ikiandikwa namba ya silaha na sharti kwamba itarudishwa Bodi isipoidhinisha uhamisho. Sharti hilo liandikwe hata kati ya ndugu. Silaha inabaki kwa mwenye cheti chake au kwenye kabati la duka hadi karatasi itoke.

Risasi zilizobaki zisitupiwe kwenye mfuko kama nyongeza ya muuza maembe. Nazo zina hesabu yake kwenye cheti cha anayezipokea. Zihesabiwe mbele ya muuzaji aliyesajiliwa, ziandikwe, na zinazozidi kiwango cha mnunuzi zibaki pale pale dukani.